Nyumba ya Moto: Majina ya Mahali pa Ibada na Historia Yake

Miaka kadha wa kadha iliyopita nilipewa mswada wa kitabu cha historia cha kusomeshea watoto shuleni, niusome na kuusahihisha Kiswahili chake kabla haujapigwa chapa. Katika sura ya Uajemi nilikuta sentensi fupi isemayo kwamba Waajemi wa kale waliabudu moto katika mahekalu yao. Kwa upande wa sarufi sentensi ile haikuwa na ila hata moja. Nikaiacha ipite, na kitabu kikatoka. Nimejuta baadaye, maana maneno yale machache yamebeba makosa mawili ya historia, na yote mawili yametokana na msamiati: moja limo katika neno "kuabudu", na la pili limo katika neno "mahekalu". Ninayoyaandika hapa ni jaribio la kulipa deni lile.

Tuanze na majina, kwa kuwa mara nyingi jina la nyumba hueleza shabaha ya waliolitumia kwanza. Msikiti, kama ijulikanavyo, ni "masjid" ya Kiarabu, yaani mahali pa kusujudu. Jina halisemi lolote juu ya kuta wala paa. Tendo la mja ndilo lilifanyalo pahali pale kuwa msikiti, na kinachohitajiwa zaidi ya hapo ni usafi na kujua kibla kiko upande gani. Ndiyo sababu misikiti ya kwanza ya pwani yetu iliweza kuwa vijumba vya miti na udongo. Mark Horton, alipochimba magofu ya Shanga katika visiwa vya Lamu, aliona chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti mingine midogo iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ulikuwa wa karne ya 8. Jengo lilibadilika tena na tena, na mahali pa kusujudu pakabaki palepale.

Neno kanisa lina habari nyingine. Waarabu walilipokea kutoka Kiarami, na asili ya maana yake ni mkutano, kukusanyika kwa watu. Wao walilitumia kwa nyumba ya ibada ya Wayahudi na ya Wakristo pia, wala hawakuona ajabu. Sinagogi, neno la Kiyunani lililotufikia kwa njia ya tafsiri za Biblia, maana yake ni hiyohiyo ya mkutano. Basi kanisa na sinagogi, ambayo Mswahili wa leo huyaona kama maneno ya dini mbili zilizoachana, kwa asili ni jina moja lililosemwa kwa lugha mbili. Tena Waajemi nao walikuwa na neno "kunisht", lililozaliwa na Kiarami hichohicho, nao waliliita kwa jina hilo sinagogi la Myahudi, na katika mashairi hata nyumba ya moto. Ndugu wa mbali wa kanisa letu, kwa hiyo, amekwisha wahi kukaa na moto nyumba moja.

Hekalu ni neno kongwe kuliko yote haya. Waarabu husema "haykal", Waebrania "hekhal", na watu wa Babeli walisema "ekallu", nao walikuwa wameliazima kwa Wasumeri, ambao kwao "e-gal" ilikuwa nyumba kubwa, jumba la mfalme. Hapa hatusikii habari za kusujudu wala za kukutana. Hekalu ni jumba la mwenyewe, na mwenyewe ni Mungu au mungu: anakaa ndani, analetewa chakula na ubani, na watumishi wake ni makuhani. Watu wa kawaida husimama uani. Ndivyo lilivyokuwa Hekalu la Yerusalemu, ambalo Wababeli walilivunja mwaka 586 kabla ya Kristo, na ambalo Wayahudi walipewa ruhusa ya kulijenga upya na Koreshi, mfalme wa Uajemi. Nyumba ile ya pili ilikwisha mwaka 515 kabla ya Kristo, na Warumi wakaiteketeza mwaka 70 baada ya Kristo. Kuanzia hapo Wayahudi wakabaki na sinagogi peke yake, yaani mkutano bila jumba.

Hizi basi ni fikira tatu: mahali pa kusujudia, mahali pa kukutania, na jumba la kukaa Mungu. Zaweza kuishi pamoja katika mji mmoja bila kuchanganyika. Ushahidi mzuri kabisa ni mji wa Dura-Europos, ukingoni mwa mto Furati, ambao Waajemi wa ufalme wa Sasani waliuzingira na kuuangamiza yapata mwaka 256. Warumi waliokuwa ndani walijaza mchanga nyuma ya ukuta wa mji ili kuutia nguvu, na mchanga huo ukazifunika nyumba za kando ya ukuta na kuzihifadhi. Wachimbuzi wa karne ya 20 walipoufukua wakakuta, kwa mwendo wa dakika chache tu, sinagogi lenye picha za Agano la Kale kuta nzima, nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa, pango la wafuasi wa Mithra, na mahekalu ya miungu mbalimbali ya Washami na Wayunani. Kanisa lile lilikuwa nyumba ya mtu tu, iliyobomolewa ukuta mmoja wa ndani ili watu wapate nafasi. Hekalu haliwezi kuanza hivyo.

Na hao Waajemi waliouvunja mji, wao waliabudu wapi? Hili ndilo swali ambalo mswada wangu ulilijibu kwa haraka mno.

Herodoto, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alistaajabia jambo moja: kwamba Waajemi hawakuwa na sanamu wala mahekalu wala madhabahu, na kwamba waliwaona wanaojenga vitu hivyo kuwa ni wapumbavu. Walipanda juu ya milima wakatoa sadaka zao chini ya mbingu tupu. Herodoto hana sifa ya kutokosea, lakini katika hili wanahistoria wengi humwamini. Moto walikuwa nao, ila ulikuwa moto wa mekoni, wa kila nyumba. Baba wa nyumba alipoketi imara aliuwasha, nao ulitunzwa maisha yake yote. Ibada yake ilikuwa ni kuulisha kuni kavu na safi na kidogo cha mafuta ya mnyama wa sadaka, na kuusomea dua. Kabla ya nyumba ya moto, kwa hiyo, palikuwa na moto wa nyumbani.

Mary Boyce, mwanachuoni wa Kiingereza aliyekaa mwaka mzima na wakulima wa dini ya Zarathustra katika kijiji karibu na Yazd, mwaka 1963 na 1964, alitoa rai kwamba nyumba za moto zilianza kujengwa katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwa sababu ya ushindani. Mfalme Artashasta wa Pili alikuwa ameamuru kusimamishwa sanamu za Anahita katika miji mikubwa ya dola yake, jambo geni kwao na la kuwachukiza wengi. Walioipinga sanamu wakatafuta kitu cha kuweka mahali pake, wakautoa moto mekoni wakauketisha katika nyumba yake wenyewe. Hii ni rai, si jambo lililothibitishwa kwa mawe, na wako wanaoipinga. Mimi naiona yafaa, kwa kuwa yaeleza kwa nini moto ule, tangu zamani hata leo, unawekwa kama mtu aketishwavyo katika kiti cha enzi.

Tukifika zama za Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani aliyeishi wakati wa kuzaliwa kwake Kristo, mambo yamekwisha kuwa wazi. Yeye aliziona nyua za moto kwa macho yake huko Kapadokia. Katikati ya ua, asema, pana madhabahu iliyojaa majivu, na juu yake moto usiozimwa. Makuhani huingia kila siku wakasoma kwa kadiri ya saa moja, wameshika fungu la vijiti, na vichwani wamevaa kofia za manyoya zishukazo mashavuni hata kuifunika midomo. Sababu ya kufunika midomo ni kuwa pumzi na mate ya binadamu yasiuguse moto. Mwenye kuingia leo katika nyumba ya moto ya Bombay angemkuta kuhani amefunga kitambaa cheupe puani na mdomoni kwa sababu iyo hiyo. Ni nadra kuona desturi iliyoandikwa na mpita njia miaka elfu mbili nyuma ikiendelea kwa namna isiyobadilika hivyo.

Chini ya wafalme wa Sasani, tangu mwaka 224 hata kuingia kwa Waarabu katika karne ya 7, nyumba za moto ziliungana na serikali. Jengo lake la kawaida likawa lile Waajemi waliitalo "chahar taq", matao manne: nguzo nne nene penye pembe, tao kila upande, na juu yake kuba. Kuhani mkuu Kartir aliandika majisifu yake juu ya jiwe kwamba aliongeza idadi ya nyumba za moto katika nchi, na kwamba Mayahudi, Mabudha, Mabanyani, Wakristo na wafuasi wa Mani walipigwa na kudhalilishwa. Yafaa tuyataje haya, maana anayetaka kuwatendea haki watu wa dini hii asiwafanye kuwa malaika. Walipokuwa na dola walitawala kama watawalao wengine.

Katika mioto mitatu mikubwa ya dola ile, mmoja tu ndio ambao mahali pake pamejulikana kwa yakini: Adur Gushnasp, moto wa mfalme na askari, uliokuwa kando ya ziwa lenye chemchemi katika Azerbaijani ya Uajemi. Herakli, Kaisari wa Rumi ya mashariki, aliuvunja mji huo karibu na mwaka 624. Wajerumani walianza kupachimba mwaka 1959, wakapata mihuri ya udongo yenye jina la kuhani wa nyumba ya moto ya Gushnasp, na hoja ikakatika. Lakini mtu akifika huko leo akauliza kwa jina hilo hataelezwa kitu. Pahali hapo huitwa Takht-e Soleyman, kiti cha enzi cha Sulemani. Vivyo hivyo kaburi la Koreshi liliitwa kwa karne nyingi kaburi la mama yake Nabii Sulemani. Nadhani majina hayo hayakuzuka kwa ujinga mtupu. Nani angethubutu kulivunja kaburi la mama wa nabii, au kuvunja kiti cha nabii mwenyewe? Jina lililokosewa likawa ngao ya jiwe.

Si kila nyumba iliyopata ngao. Nyingi zilibomoka kwa kukosa wenyewe, na baadhi ziligeuzwa misikiti. Kubwa ni kuziba tao moja la upande wa kibla na kutia mihrabu, kama ilivyofanyika Yazd-e Khast. Wanachuoni wa usanifu huona pia kwamba chumba chenye kuba mbele ya mihrabu, ambacho ni fahari ya misikiti ya Isfahani, kimechukua mengi kwa matao manne ya zamani. Katika sheria, Qurani iliwataja Majusi katika sura ya 22, na Khalifa Umari, alipoona shaka jinsi ya kuwatendea, aliambiwa na Abdurrahmani bin Aufi kwamba Mtume alikuwa amepokea jizya kwa Majusi wa Hajari. Ndivyo walivyopata amani ya watu wa kitabu, japokuwa amani hiyo ilitofautiana sana kati ya mtawala mmoja na mwingine.

Hapa ndipo penye kosa la neno "kuabudu". Firdausi, Mwislamu, aliyeikamilisha Shahnama yake karibu na mwaka 1010, aliona haja ya kuwatetea wafalme wa kale: waliomwabudu ni Mungu, na moto kwao ulikuwa kama mihrabu ya jiwe kwa Waarabu. Hoja yake ni hoja ya mtu ajuaye anachokisema. Mwislamu huelekea Makka naye haabudu mawe ya Al-Kaaba. Mfuasi wa Zarathustra huelekea mwanga naye hamwombi mwali wa kuni. Anayemwomba ni Ahura Mazda. Moto kwake ni kielekezo, tena ni kiumbe kitakatifu cha kuheshimiwa na kulindwa na uchafu. Tofauti kati ya kuheshimu na kuabudu Kiswahili chaijua vizuri sana, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuzichanganya.

Baadhi yao walikwisha kuhama kwenda Bara Hindi, wakashukia pwani ya Gujarati katika mji wa Sanjan, na huko wakaitwa Waparsi. Habari hizo zimo katika utenzi wa Kiajemi uliotungwa na kuhani mmoja kiasi cha mwaka 1600, nao hauna tarehe za kutegemewa. Walichokiwasha Sanjan waliuita Iranshah, mfalme wa Irani. Jina si la majigambo. Mfalme wao halisi alikuwa amekwisha, na nchi imekwisha, basi moto ukawa ndio mfalme. Sanjan ilipotekwa makuhani waliuchukua wakauficha katika pango la mlima wa Bahrot, kisha ukahamishwa mji hata mji, na mwaka 1742 ukafika Udvada, ambako ungaliko. Moto wa Yazd nao husemwa kuwa umewaka tangu karne ya 5, ingawa jumba linaloukinga ni la mwaka 1934.

Mioto ya daraja hii ya juu ni tisa tu duniani, minane Bara Hindi na mmoja Yazd. Kuutengeneza kwake ni kazi kubwa ajabu. Hukusanywa mioto kumi na sita: wa mfinyanzi, wa sonara, wa mhunzi, wa mwokaji, wa mchungaji, wa radi iliyopiga mti, hata wa kuchomea maiti. Kila mmoja husafishwa kwa kuwekewa vipande vya kuni juu ya mwali bila kuugusa, mpaka joto liwashe moto mpya, na huo mpya uwashe mwingine. Wa maiti husafishwa hivyo mara 91. Mwisho yote huunganishwa kuwa mmoja, nao huketishwa. Mtu akilitafakari jambo hili aona kwamba kila kazi ya mji, ya heshima na ya dharau, imeingia ndani ya moto ule. Baada ya hapo hupewa kuni mara tano kila siku, na kengele hupigwa. Waumini huja wakati wowote, mmoja mmoja; hunawa, hufungua na kufunga tena ule mshipi mtakatifu wa kiunoni, huvua viatu, hutoa kijiti cha msandali kizingitini, na hupaka majivu kidogo kwenye paji la uso. Hakuna safu, hakuna hotuba, hakuna mimbari. Chumba chenyewe huingia kuhani peke yake. Bara Hindi mtu wa dini nyingine haruhusiwi hata kupita mlango wa nje.

Kwa njia ya biashara moto huo ulizikaribia pwani zetu. Nyumba ya Cowasjee Dinshaw, mfanyi biashara Mparsi wa Aden, ilikuwa na tawi Unguja, na huko Aden familia yake ilijenga nyumba ya moto iliyofunguliwa mwaka 1883. Unguja nako Waparsi walijijengea yao nje ya Mji Mkongwe, na makaburi yao. Hawakuwa wengi wakati wowote. Walikuwa makarani wa serikali, wahandisi, mawakili na wenye maduka. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 karibu wote waliondoka, na nyumba ile imebaki gofu lililomezwa na majani. Aden mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Waingereza waliondoka mwaka 1967, waumini wakatawanyika, na moto ukabaki na watu wachache wa kuulisha. Baada ya mazungumzo marefu kati ya serikali mbili, mwezi wa Novemba 1976 ulipakiwa ndani ya ndege ya Air India ukiwa unawaka, pamoja na makuhani wake, ukapelekwa Lonavala karibu na Bombay. Rubani na wenzake walikuwa Waparsi wote, ili asiukaribie mtu asiyestahili. Miaka mia tano baada ya pango la Bahrot, desturi ni ileile.

Baadhi ya wasomaji wataniuliza juu ya Makunduchi. Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ambapo kibanda cha makuti huchomwa na watu kukimbia kutoka ndani, imewafanya wengi kusema kwamba Waajemi wa Shirazi walituletea ibada ya moto. Nairuzi kweli ni neno la Kiajemi, na mwaka wake wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, unaohesabiwa kwa miongo, ni ndugu wa mwaka wa Waparsi. Sir John Gray aliyaandika hayo vizuri mwaka 1955. Hata uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2023 umeonyesha kwamba damu ya Kiajemi iliingia pwani yetu kiasi cha mwaka 1000. Lakini kalenda hutembea bila dini. Ibni Majidi, nahodha wa karne ya 15 na Mwislamu safi, alihesabu majira ya safari kwa siku za Nairuzi, kwa kuwa mwaka wa mwezi haumwambii baharia lini pepo zitageuka. Walichokijenga wageni waliotoka Uajemi ni misikiti, kama ule wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 1107. Kuchoma kibanda si kulinda moto. Tena ni kinyume chake, kwa kuwa moto wa kibanda huachwa uzimike wenyewe.

Turudi basi kwenye msamiati. Wafasiri wa Biblia waliwaita wageni wa Bethlehemu mamajusi, na neno hilo lina haki yake pale, kwa maana majusi kwa asili ni kuhani. Kumwita hivyo karani Mparsi wa Unguja ni sawa na kumwita kila Mkristo padre. Jumba lenyewe nalo si hekalu, kwa kuwa hakuna Mungu akaaye ndani yake. Wala si kanisa, kwa kuwa watu hawakutani. Wala si msikiti. Wasasani waliliita "atakhsh kadag", na Waajemi wa leo husema "atashkade", maana yake nyumba ya moto bila kuongeza wala kupunguza. Kiswahili kinaweza kusema hivyohivyo kwa maneno yake chenyewe. Kama neno la kigeni latakiwa, tumtazame mnara, ambao kwa Kiarabu ni mahali pa mwanga au pa moto, na kinara cha taa, ambacho wasemaji wetu walikizaa kwa kubadili ngeli ya mnara tu. Ukoo wa nuru umekaa nasi siku nyingi.

Kitabu kile nilichokiacha kipite kimepigwa chapa mara ya pili, na sentensi ile ingalimo. Nimewaandikia wachapishaji, nikapendekeza isomeke hivi: "Waajemi wa kale walimwabudu Ahura Mazda wakiuelekea moto, na baadaye wakaujengea moto nyumba."